Haki Machoni pa Mshtakiwa: Mahakama za Jinai Masasi na Newala

Kutendewa haki mahakamani ni jambo moja, na kujiona umetendewa haki ni jambo lingine. Mtu anaweza kuachiwa huru akarudi kijijini akinung'unika, na mwingine akafungwa miaka mitatu huku akikiri mbele ya nduguze kwamba hakimu alimsikiliza. Mwanazuoni wa Marekani Tom Tyler, aliyewahoji wakazi wa Chicago waliokuwa wamekutana na polisi na mahakama, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1990 kwamba watu hawaipimi mahakama kwa kushinda au kushindwa peke yake. Huangalia kama walipewa nafasi ya kusema, kama walizungumzishwa kwa heshima, kama mwamuzi hakuelemea upande mmoja, na kama nia yake ilionekana kuwa njema. Vipimo hivyo si vigeni kwa mzee yeyote wa Kimakonde aliyewahi kukaa barazani kusuluhisha ugomvi wa shamba.

Suala hili huwa zito zaidi pale mshtakiwa anapotoka katika kabila lenye watu wachache, au lisilo na sauti mbele ya wale wanaohukumu. Tanzania ina makabila zaidi ya 120, na hakuna hata moja linalofikia nusu ya wananchi wote. Kwa maana hiyo kila Mtanzania ni wa kabila la wachache, na hali hiyo imeisaidia sana nchi kuishi kwa amani. Lakini uchache hauhesabiwi kwa takwimu za taifa tu. Newala, mji uliokaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, Wamakonde ndio wengi. Chini ya uwanda huo, Masasi, penye vilima vya mawe vinavyoonekana kutoka mbali, Wamakua, Wayao na Wamakonde wameishi pamoja kwa vizazi, na misheni ya Waanglikana iliyoanzishwa mwaka 1876 ilileta kundi la watumwa waliokombolewa kutoka sehemu mbalimbali. Mtu anayetoka kwenye wengi kijijini anaweza kujikuta peke yake akipanda kizimbani, kwa sababu hakimu, mwendesha mashtaka na askari aliyemkamata wote wametoka mikoa mingine, na wala hawajui kwao wanaamkianaje.

Ugeni huo wa mahakama una historia. Kabla ya ukoloni, uwanda wa Makonde haukuwa na mfalme. Kila eneo lilikuwa na mkulungwa wake, mkuu wa ukoo ulioanza kufyeka pori lile, na mamlaka yake hayakuvuka mpaka wa eneo hilo. Ukoo ulifuata upande wa mama, kama ilivyokuwa pia kwa Wamakua na Wayao, hivyo kosa la kijana lilimhusu mjomba wake kabla ya kumhusu baba. Aliyemuumiza mwenzake alilipa, na malipo yalipitia kwa wajomba wa pande zote mbili. Lengo la baraza lilikuwa watu waendelee kuishi jirani, na kumtenga mkosaji ilikuwa hatua ya mwisho.

Wajerumani walileta maakida na maliwali, maofisa waliozungumza Kiswahili na ambao mara nyingi walikuwa watu wa pwani, wakapewa uwezo wa kukusanya kodi na kuamua mashauri madogo. Waingereza katika miaka ya 1920, wakifuata siasa yao ya kutawala kupitia viongozi wa asili, walijaribu kuwarudisha wakulungwa kwenye madaraka. Wakakuta wakulungwa ni wengi mno na eneo la kila mmoja ni dogo mno kwa mahitaji ya serikali, na hatimaye wakarudia maliwali. Mwanazuoni J. Gus Liebenow aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1971, kuhusu jinsi utawala wa kikoloni ulivyowapata Wamakonde wa Newala. Mahakama za wenyeji zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 1929 zilikuwa chini ya maofisa tawala. Mtu asiyeridhika alikata rufaa kwa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, hadi kwa gavana, wala hakufika Mahakama Kuu. Aliyekusanya kodi na aliyehukumu asiyelipa kodi walikuwa wa nyumba moja. Ni vigumu kumlaumu mtu aliyekulia katika utaratibu huo kwa kuiona mahakama kuwa mkono mwingine wa serikali.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru iliondoa utawala wa machifu na kuziunganisha mahakama zote katika ngazi moja, kuanzia Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, hadi Mahakama Kuu. Hapo kwa mara ya kwanza mkulima wa Newala na mfanyabiashara wa Kihindi wa Lindi walisimama, kisheria, mbele ya mahakama ileile. Hilo halikuwa jambo dogo. Katiba ya mwaka 1977 inasema katika ibara ya 13 kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria na inakataza ubaguzi kwa sababu ya kabila. Ibara ya 107A, iliyoongezwa mwaka 2000, inaziagiza mahakama zitende haki kwa wote bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi, zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi, na zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi.

Kati ya maneno ya Katiba na kizimba kuna lugha. Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikiendeshwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, na hilo limewafaa Watanzania wengi sana. Katika ngazi za juu, hata pale mashahidi waliposema Kiswahili, hakimu aliandika kumbukumbu kwa Kiingereza, na hukumu ikatolewa kwa Kiingereza. Mshtakiwa aliyetoka Masasi kwenda kusikiliza shauri lake Mtwara aliweza kusikia jina lake likitajwa mara kadhaa katikati ya maneno asiyoyajua, kisha askari akamshika mkono. Alichoelewa ni kwamba amefungwa. Kwa nini amefungwa, alielezwa baadaye na mtu mwingine, kwa kifupi.

Mwaka 2021 mambo yalibadilika kwa kasi. Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Musoma, aliandika uamuzi kwa Kiswahili katika shauri la kampuni ya mgodi wa North Mara, na Rais John Magufuli akamteua kuwa Jaji wa Rufani siku ya kilele cha Siku ya Sheria, Dodoma, tarehe 1 Februari. Muda mfupi baadaye Bunge likarekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa mtu wa kawaida, hakuna marekebisho ya sheria ya miaka ya karibuni yaliyomgusa zaidi ya haya.

Hata hivyo Kiswahili chenyewe si lugha ya kwanza ya kila mtu. Bibi kizee aliyezaliwa na kuzeekea kwenye kijiji cha uwandani anaweza kukitumia sokoni bila shida, akanunua chumvi na kuuza korosho, lakini akakwama anapoulizwa kama anakubali au anakana kwamba kwa makusudi na bila uhalali alitenda jambo fulani. Kwa watu waliolelewa kuwajibu wakubwa kwa unyenyekevu, kusema "ndiyo" mbele ya mwenye mamlaka kunaweza kuwa adabu tu: nimekusikia, mheshimiwa. Karani akiandika "ni kweli", adabu ile inageuka kuwa kukiri kosa.

Sheria imeliona shimo hili. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, iliweka utaratibu ambao mahakama za Tanzania na Kenya zinaufuata hadi leo: shtaka na kila kiungo cha kosa vielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo, maelezo ya kosa yasomwe, kisha apewe nafasi ya kuyapinga kabla ya kutiwa hatiani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 nayo inataka ushahidi utafsiriwe kwa mshtakiwa asiyeielewa lugha inayotumika. Rufaa nyingi zimeshinda kwa sababu ya kukiri kusikoeleweka. Lakini anayekata rufaa ni yule aliyejua kwamba kukiri kwake kulikuwa na kasoro.

Zamani kulikuwa na daraja kati ya hakimu mgeni na wenyeji, nao ni washauri wa mahakama, ambao wengi huwaita wazee wa baraza. Chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, hakimu wa Mahakama ya Mwanzo aliketi na washauri wasiopungua wawili, na kauli zao hazikuwa za mapambo. Wakitofautiana, uamuzi ulipitishwa kwa wingi wa kura, katika hatia na hata katika adhabu, na wazee wawili waliweza kumshinda hakimu. Mshtakiwa alipoinua macho akaona pale mbele mzee anayemfahamu mjomba wake, mahakama ilipungua ugeni. Ni kweli pia kwamba mzee huyohuyo angeweza kuwa na deni au kinyongo na ukoo wake, kwa hiyo daraja hilo halikuwa imara kila siku. Katika Mahakama Kuu, ambako kesi za mauaji husikilizwa, jaji alilazimika kukaa na washauri hadi sheria iliporekebishwa mwaka 2022 na kumwachia yeye hiari. Mashauri yanakwenda haraka zaidi sasa, ila mtu wa kijijini amepoteza uso mmoja aliouzoea.

Yapo makosa ambayo sheria ya nchi na mazoea ya uwanda wa Makonde havipatani, na hapo ndipo manung'uniko huzaliwa. La kwanza ni pombe. Msimu wa korosho, mabibo hukamuliwa na juisi yake ikachacha kuwa uraka, kinywaji cha kila kilabu. Uraka ukichemshwa na mvuke wake kupitishwa kwenye bomba la kupozea, hupatikana nipa, ambayo kwingineko huitwa gongo. Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 inakataza kutengeneza au kuwa na pombe hiyo bila leseni. Wapikaji wengi ni wanawake, na pesa yake hununua sare za shule na kulipa madeni ya msimu. Mama anayefikishwa mahakamani na dumu la lita 5 haoni alichoiba wala aliyemuumiza. Hakimu naye ana sababu zake: pombe isiyopimwa imepofusha na kuua watu katika sehemu nyingi za nchi. Sababu hiyo ikielezwa pale mahakamani kwa maneno mepesi, adhabu hueleweka. Isipoelezwa, mama anaondoka akiamini kwamba amefungwa kwa sababu ya umaskini wake.

La pili ni uchawi. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, haikuandikwa kumshika mchawi kwa namna jamii inavyomwelewa. Inamtia hatiani anayejidai kuwa na nguvu hizo, anayemiliki vifaa vyake kwa nia mbaya, na pia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi nje ya njia zilizowekwa. Kwa familia iliyozika watoto wawili katika mwaka mmoja na kuamini kwamba inamjua aliyewaua, sheria hii inaonekana imepinduka, kwani mlalamikaji ndiye anayegeuka mshtakiwa. Mwaka 1951, katika shauri la Eria Galikuwa kutoka Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua kwamba kuamini uchawi peke yake hakutoshi kumpunguzia muuaji kosa lake, na mahakama za ukanda huu zimeendelea kulipima suala hilo kwa msingi huo. Msimamo huo umeokoa maisha ya wanawake vikongwe wengi, na ni sahihi. Lakini haujawahi kujibu swali la wafiwa, na mahakama haina chombo cha kulijibu.

La tatu ndilo chungu kuliko yote. Msichana wa Kimakonde au Kimakua aliyetoka unyagoni amehesabiwa kwa muda mrefu kuwa ameingia utu uzima, hata akiwa na miaka 13 au 14. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inasema kufanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji hata kama aliridhia, isipokuwa ni mke wa miaka 15 au zaidi, na adhabu yake haipungui miaka 30. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na sasa anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi naye anakabiliwa na miaka 30. Kijana wa miaka 20 ambaye wazazi wa pande zote walikuwa wameanza kupanga mahari hujikuta gerezani hadi uzeeni, na kijiji kizima husema serikali imemwonea.

Malalamiko hayo yana upande mmoja ambao haupaswi kunyamaziwa. Anayezungumza kwa niaba ya kijiji ni nani? Kwa kawaida ni wajomba na baba. Msichana aliyeacha shule akiwa darasa la sita haulizwi kama aliiona ndoa ile kuwa ya haki. Kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, au 14 kwa idhini ya mahakama, ilishinda Mahakama Kuu mwaka 2016 na tena Mahakama ya Rufani Oktoba 2019. Mahakama ilieleza kwamba vifungu hivyo vinambagua mtoto wa kike. Kabila lenye watu wachache linaweza kuonewa na dola, na ndani yake lenyewe mkawa na anayeonewa zaidi. Mahakama inayotaka kuaminika uwandani inawajibika kwa wote wawili.

Baada ya lugha na mila kuna mambo ya kawaida kabisa ambayo huamua mtu ataionaje mahakama. Dhamana inahitaji wadhamini wenye vitambulisho na barua ya mtendaji wa kijiji, na asiyekuwa na ndugu mjini hukaa mahabusu kwa kosa lilelile ambalo mwenye jamaa huachiwa kwa dhamana siku hiyohiyo. Kesi hupigwa kalenda kwa sababu upelelezi haujakamilika, na kila kalenda ni nauli nyingine kwa shahidi anayeshuka kutoka uwandani. Mawakili hawakuruhusiwa kabisa katika Mahakama za Mwanzo hadi sheria ilipoanza kuwafungulia mlango mwaka 2021, na hata walipofunguliwa, wengi wako mijini. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imewapeleka wanasheria hadi vijijini. Kwa mama wa dumu la nipa, dakika 20 na msaidizi wa kisheria kabla ya kusomewa shtaka zina thamani kuliko hotuba yoyote kuhusu utawala wa sheria.

Mto Ruvuma nao una la kusema. Wamakonde wapo ng'ambo zote mbili, na waliovuka kutoka Msumbiji kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, au kukimbia vita vya ukombozi baada ya mauaji ya Mueda ya Juni 1960, waliitwa Wamawia. Jina hilo mara nyingi limebeba dharau, pamoja na sifa ya ukali waliyobandikwa kwa sababu ya chale za usoni. Mtu wa mpakani asiye na kitambulisho huanza kesi yake akiwa na shtaka jingine lisiloandikwa, la kuthibitisha kwamba ni raia. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, walishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, na tangu hapo ulinzi wa mpaka umekazwa. Ulinzi ni wa lazima, ingawa mzigo wa kushukiwa humwangukia kwanza mwenye lafudhi ya ng'ambo.

Kinachoweza kutokea swali hilo la uraia likiachwa bila jibu kilionekana Kenya. Wamakonde waliopelekwa Kwale enzi za ukoloni kufanya kazi mashambani walikaa huko miongo mingi bila uraia. Bila kitambulisho, mtu hakuweza kufungua akaunti ya benki wala kusafiri bila hofu ya kukamatwa, na aliyeibiwa alisita kwenda polisi. Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, naye akaamuru waandikishwe. Mwaka uliofuata walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Uingereza ilichagua kupima moja kwa moja jinsi washtakiwa wa makundi ya wachache wanavyoiona mahakama. Mtafiti Roger Hood na wenzake waliwahoji washtakiwa katika mahakama za Manchester, Birmingham na London, na ripoti yao ya mwaka 2003 ikaonyesha kwamba takribani mshtakiwa mmoja kati ya watano wenye asili ya Kiafrika katika Crown Court, mahakama ya makosa makubwa, aliamini ametendewa vibaya kwa sababu ya rangi yake. Wachache sana walimlalamikia jaji kwa maneno au mwenendo wake. Walichokitilia shaka zaidi ni ukubwa wa adhabu. Mwaka 2017 ripoti ya mbunge David Lammy ilitaja kwamba asilimia 51 ya watu wa makundi ya wachache waliozaliwa Uingereza na Wales waliamini mfumo wa haki jinai unabagua, dhidi ya asilimia 35 ya weupe waliozaliwa huko.

Tanzania haina takwimu za namna hiyo, na sababu yake inajulikana. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila, na majalada ya mahakama hayaandiki kabila la mshtakiwa kwa ajili ya hesabu. Uamuzi huo ulijenga umoja, na wachache wangetaka kuurudisha nyuma. Ila mahakama inaweza kuhesabu mambo mengine yanayoeleza habari ileile: ni washtakiwa wangapi wa Newala waliohitaji mkalimani wakampata, wangapi walikosa dhamana kwa kukosa mdhamini, wangapi walikiri kosa bila kuonana na msaidizi wa kisheria. Mwaka 2023 tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikusanya maoni ya wananchi. Miongoni mwa mapendekezo yake ni kwamba watu wasikamatwe kabla upelelezi haujafika mahali pa kueleweka, jambo ambalo washtakiwa waliopigwa kalenda kwa miezi wangelipokea kwa mikono miwili.

Asiyeridhika na hukumu ana njia, lakini njia hiyo ina saa. Kutoka Mahakama ya Mwanzo, rufaa hupelekwa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Kutoka Mahakama ya Wilaya ya Masasi au Newala kwenda Mahakama Kuu, mtu hutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha huwasilisha sababu za rufaa ndani ya siku 45, na muda unaotumika kusubiri nakala ya hukumu hautiwi katika hesabu hiyo. Mfungwa hupitishia taarifa yake kwa mkuu wa gereza. Mahakama Kuu ya kanda iko Mtwara, takribani kilomita 200 kutoka Masasi, na mfungwa husafirishwa chini ya ulinzi hadi huko. Mjomba wake hupanda basi la alfajiri.